Mstari wa Kathini

Ukuta wa ndani wa ghala la Amin Ndolo, pale Kambu upande wa chini wa barabara kuu, ndio uliokuwa daftari lake. Marehemu babake alinunua ndengu kwa njia hiyo, na Amin hakuona sababu ya kuibadilisha. Mkulima akileta ndengu wakati pesa hazijafika, Amin alichukua kipande cha kaa akaandika ukutani jina na idadi ya madebe. Kisha mkulima mwenyewe alisugua kidole gumba kwenye kaa lile na kukibandika mwisho wa mstari. Siku ya malipo mkulima alihesabu pesa zake kwanza, ndipo Amin akachovya kitambaa ndani ya maji na kuufuta mstari huku mwenyewe akitazama. Sharti lilikuwa hilo moja: mstari haufutwi kama mwenye kidole hayupo.

Utasema biashara gani hii ya makaa katika karne hii ya simu. Sema tu. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kugombana na ukuta ule, na wenye kompyuta wangapi wanaweza kusema hivyo?

Mwanzoni mwa mwaka wa 2019 ndengu zilikubali. Wakulima walizileta kwa punda, kwa pikipiki na kwa mkokoteni, na Amin akanunua mpaka mkopo wa benki ukaisha, halafu akaendelea kununua kwa ukuta. Mnunuzi mmoja wa Nairobi, mtu aliyefanya naye biashara miaka tisa, alipakia malori mawili, akanywa chai, akaaga vizuri. Simu yake ilizimwa kesho yake na haikuwahi kuwashwa tena. Ukutani ilibaki mistari arobaini na mmoja.

Benki haikukawia. Ilichukua lori, ikachukua nyumba ya Kibwezi ambayo Amin alikuwa bado anaiita mpya, na ilipoona pengo halijazibika ikampeleka Mahakama Kuu kule mjini Wote. Februari 2020 jaji akatangaza kwamba Amin Ndolo amefilisika. Alichoachiwa ni vifaa vya kazi, yaani mizani na nyungo zake, na ghala la kukodi ambalo sasa yeye na mkewe Nasima walihamia, wakatundika pazia katikati na kulala upande wa nyuma.

Siku ile ya korti, karani mmoja mwenye huruma alimfuata nje.

"Mzee, wewe shukuru sheria imebadilishwa," alimwambia. "Ile ya zamani ilikuwa ya wakati wa mkoloni. Ungekaa na hilo jina la kufilisika mpaka korti ikuonee huruma, na kuna watu walizeeka nalo. Hii mpya ni miaka mitatu tu, unaachiliwa. Jaza hii fomu, uandike mali yako yote na kila mtu anakudai, uipeleke Nairobi."

Amin aliyasikia yote hayo, lakini aliondoka ameshika moja tu: miaka mitatu. Alifika nyumbani akaandika Februari 2023 nyuma ya mlango. Fomu nayo aliianza jioni hiyo hiyo. Benki iliingia bila taabu, jina, anwani, kiasi. Kisha akageukia ukuta, na hapo kalamu ikamkwama. Fomu ilitaka jina kamili na nambari ya kitambulisho. Ukuta ulisema: Mama Mwende wa Kisimani, madebe matano. Kofia Nyekundu, mawili. Kathini, manane.

Kupata majina kamili ilikuwa lazima aende boma kwa boma. Sasa utaingiaje kwa mtu ambaye umekula ndengu zake, umwombe kitambulisho? Amin alisema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ilipita, na nyingine, na fomu ikaingia ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia juu ya rafu. Barua mbili zenye muhuri wa serikali zilikuja baadaye. Nazo alizitia humo bila kuzifungua, kwa sababu tangu siku ya benki kila karatasi yenye muhuri aliiona ni ya kumnyang'anya kitu.

Sheria ilimkataza mambo machache: asikope bila kusema hali yake, asiwe mkurugenzi wa kampuni, asitoke nchini bila ruhusa. Mengine aliyaongeza mwenyewe. Alijitoa kwenye kamati ya msikiti. Akaacha safu ya mbele, akawa anaswali karibu na viatu na kutoka kabla watu hawajageuka kupeana mikono. Matanga akawa haendi, maana hakuwa na cha kuchanga. Siku ya soko, akiona mtu wa ukutani anakuja upande wake, alirudi ndani akasimama nyuma ya pazia mpaka apite. Watu wakasema Amin amekuwa na kiburi. Hakuna mahali sheria imeandika kwamba aliyefilisika asisalimie watu, lakini yeye aliitii hiyo kuliko zile nyingine zote.

Waliishi hivyo wawili, akipepeta na kuchagua ndengu za wafanyabiashara wengine kwa ujira, mpaka Agosti 2021, presha ilipomchukua Nasima katika siku mbili.

Pale makaburini, kabla ya kushusha mwili, shemeji yake Amin alisimama akauliza kama ilivyo kawaida ya Waislamu: kuna yeyote anayemdai marehemu? Kama yupo, ajitokeze, familia ichukue dhima. Watu walikaa kimya. Nasima hakuwa na deni hata la chumvi. Lakini katika ule ukimya Amin aliona macho yakimgeukia yeye, mmoja mmoja, au alidhani aliona, na akapata picha ya siku yake mwenyewe. Swali lingeulizwa lile lile, na watu arobaini na mmoja wangenyanyua mikono, na anayeachiwa majibu ni Safa, binti yake wa pekee, mwenye kibanda cha nguo kule Mwingi. Tangu siku hiyo hakuogopa kufa. Aliogopa kufa akiwa anadaiwa.

Alirudi ghalani akiwa peke yake. Kwa wiki nzima alipika chakula cha watu wawili kila siku, akala nusu, akamwaga nusu.

Februari 2023 ilipofika alivaa kanzu safi akapanda basi la Nairobi, akaingia katika ofisi inayosimamia mambo ya waliofilisika kuchukua barua ya kuachiliwa. Alikutana na ofisa anayeitwa Yvonne, rika la Safa, aliyebonyeza kompyuta yake kwa muda, akakunja uso.

"Mzee, fomu yako ya mali na madeni iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya korti."

"Basi hiyo miaka mitatu haijaanza."

"Haijaanza namna gani? Nimeikaa yote. Nimeimaliza."

"Inahesabiwa kuanzia siku umeleta fomu, si siku ya korti. Tulikuandikia mara mbili."

Amin alimjibu kwamba barua nazo ziko nyumbani. Alitoka nje, akakaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya jengo lile, akalia mchana kweupe bila hata kujifunika uso. Miaka mitatu ya kujificha nyuma ya pazia ilikuwa haijahesabiwa hata siku moja, na Nasima alikuwa amekufa katikati yake.

Kesho yake alitoa fomu ndani ya mkebe, akanunua kalamu, akaanza kutembea.

Alitembea wiki saba. Mama Mwende alimpa nambari yake akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha. Kofia Nyekundu alikuwa amekufa, na mwanawe alimtajia jina la babake herufi kwa herufi kama anayesoma hukumu. Mmoja alimtukana mpaka akakauka koo, kisha akamletea maji, kwa sababu jua lilikuwa kali. Mwingine alicheka akamwambia, "Ndolo, hizo debe mbili nilizisahau, futa tu," na Amin akamjibu kwamba hawezi kufuta, aje mwenyewe. Kila jioni alirudi na majina mawili, matatu, akiwa amechoka na amefedheheka. Hakukiri hata kwa nafsi yake kwamba alikuwa amesikia sauti nyingi katika wiki hizo kuliko miaka yote iliyotangulia.

Kathini alimwacha wa mwisho, kwa sababu madebe manane ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko ya wote. Alikaa ng'ambo ya reli, mwendo wa saa mbili, mjane wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu. Alimkuta ameketi mlangoni akibambua mbaazi.

"Umepotea njia?" Kathini alimuuliza.

"La, mwaitu. Nimekuja kwako." Alimwita mama, kama inavyompasa mtu kumwita mwanamke wa umri ule.

"Umeleta ndengu zangu?"

"Sina."

"Pesa?"

"Sina."

"Sasa hiyo mikono umeleta ni ya nini? Keti basi, usinisimamie."

Amin aliketi juu ya gunia akaeleza yote: korti, fomu, sheria mpya, miaka mitatu. Kathini aliendelea kubambua mbaazi zake.

"Kwa hivyo nikikupa nambari yangu, hiyo miaka ikiisha utakuwa huna deni yangu."

"Serikali ndiyo itasema hivyo."

"Na mimi nitasema nini?"

Amin aliikunja fomu, akaikunjua tena.

"Sikupi," Kathini alisema. "Unajua kwa nini? Ule mwaka wa njaa nilipanda huko barabarani kuuza makaa. Ulikuwa unatoka kwa mlango. Uliniona. Ukarudi ndani. Mimi sikuwa nataka pesa, Ndolo, nilijua huna, dunia yote ilijua huna. Nilitaka uniulize nimelala namna gani. Mzee wangu alikufa, binti yangu Nzilani ameolewa Athi River, hapa hakuna mtu anakanyaga. Nilikuwa nakaa hapa nasema, angalau kuna mtu mmoja lazima atakuja, kwa sababu anajua ako na madebe yangu manane. Hukukuja."

"Niliona haya, mwaitu."

"Na hiyo haya yako mimi nitaipika?"

Amin aliinamisha kichwa. Alitaka kumwambia habari za Nasima, za chakula cha watu wawili, lakini ilimwia vigumu hata kulitamka jina. Kathini akamsukumia ungo ili naye abambue. Walibambua pamoja mpaka mbaazi zikaisha.

"Sikiza," Kathini alisema mwishowe. "Nambari sikupi. Lakini siku hiyo serikali itakuachilia, uje unichukue na pikipiki. Nitafuta huo mstari mwenyewe, na mkono wangu. Na kabla ya hiyo siku uwe unakuja nione kama uko hai. Ukikufa mimi nitamdai nani?"

Aprili 2023 Amin aliipeleka fomu Nairobi. Yvonne aliipitia kwa kidole, akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Huyu nambari yake iko wapi?"

"Alikataa kunipa."

"Sawa, andika haijulikani."

"Inaruhusiwa?"

"Mzee, hata wote ungewaandika hivyo. Tulitaka tu kile unajua."

Mimi ningepiga meza. Amin aliandika neno lile kwa mwandiko wake mzuri, akasubiri muhuri, kisha akauliza choo kiko upande gani. Alikaa humo muda mrefu. Neno moja lingetosha tangu jioni ile ya kwanza.

Miaka mitatu ikaanza, ile ya kweli. Kila Alhamisi, akishamaliza kupepeta, Amin alivuka reli kwenda kwa Kathini. Usidhani kulikuwa na mazungumzo makubwa. Kathini alilalamikia magoti, redio na mbuzi wa jirani, na Amin alimtengenezea ua au kumchotea maji. Jirani akipita, Kathini alimtambulisha kwa sauti: "Huyu ni mdeni wangu." Mara ya kwanza Amin alitamani ardhi immeze. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akisikia neno hilo anatabasamu. Siku moja, bila kuulizwa, alimsimulia jinsi Nasima alivyokufa, yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na Kathini akasikiliza mpaka uji ukapoa. Hakuwa amemsimulia mtu mwingine.

Watu wa ukutani nao walianza kuja ghalani siku za soko. Wengine waliongozwa na huruma na wengine na udadisi tu. Amin alimpa kila mmoja kitambaa, naye akafuta mstari wake akasema nimesamehe. Wengine walikaa wakanywa chai, wengine hawakukaa. Mwana wa Kofia Nyekundu alifuta wa babake, maana babake hakuwa ameahidi kuja mwenyewe. Mistari ikapungua ukutani, na Amin akaanza kuhesabu mbele badala ya nyuma. Aliwaza hata mahali atakapomketisha Kathini siku hiyo, maana hawezi kusimama sana: angemwekea kiti chini ya mstari wake na kushusha beseni karibu na mkono.

Januari 2026 Kathini alipata kikohozi. Amin alimwambia waende hospitali, naye akamjibu kwamba kikohozi kimemjua tangu ujana. Alhamisi ya pili ya Februari alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani alimwambia Nzilani alikuja juzi na gari akampeleka hospitalini, na kwamba asubuhi hiyo simu imepigwa. Hakuhitaji kumaliza. Amin aliketi palepale mlangoni, mahali pa kubambulia mbaazi, mpaka jua likamfikia miguuni.

Mazishi alihudhuria. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana matangani tangu alipofilisika, ukiacha ya mkewe. Alisimama pembeni, mwanamume mwenye kofia ya kitambaa katikati ya wimbo wa kanisa. Nzilani, binti wa marehemu, alimfuata baadaye.

"Wewe ndiye mdeni wa mama," alisema. "Alikuwa anakutaja kila simu. Mimi na ndugu zangu tumeongea. Tumekusamehe, mzee. Hakuna kitu unadaiwa."

Amin alimshukuru. Ilikuwa haki yao, warithi, na kwa dini yake msamaha wao ulitosha. Alipokuwa akivuka reli kurudi alijikuta ana hasira na yule binti mwema bila sababu yoyote ya maana.

Aprili ilifika. Sheria haikumsahau: miaka mitatu ilitimia siku yenyewe bila yeye kwenda kumlilia jaji, na Yvonne akamtumia barua ya kuthibitisha. Amin aliifungua hapohapo posta, akaisoma mara mbili. Walikuwa wamebaki watatu waliokataa kusamehe. Mwezi huo huo aliuza mizani yake, akawalipa mkononi, wakafuta mistari yao. Hakuna aliyembeza tena pale Kambu. Msikitini walimwita safu ya mbele, akaenda, akaswali bega kwa bega na watu, kisha akarudi ghalani, na siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi na hakuwa na pa kwenda.

Mwenye jengo aliona sasa mambo yamekwisha, akaleta fundi wa rangi, kwa sababu nusu ya mbele ya ghala ilikuwa imepata mpangaji wa duka la simu. Fundi alipaka ukuta wote mweupe. Alipofikia pale penye mstari mmoja wa makaa, Kathini, manane, na kidole gumba kidogo mwishoni, Amin alimwambia aruke.

"Itakaa vibaya, mzee," fundi alisema. "Kama kiraka."

"Ruka."

Safa alipiga simu jioni hiyo kumpongeza babake kwa barua. Alisema sasa moyo wake umetulia, maana alijua babake alivyolihofia lile swali la makaburini. Amin alikuwa amekaa kwenye kiti alichokinunua kwa ajili ya mgeni, chini ya kile kiraka.

"Safa, siku yangu wakiuliza kama kuna anayenidai, usinyamaze. Sema yuko mmoja."

"Lakini baba, watoto wake si walikusamehe?"

"Walinisamehe," Amin alisema. "Yeye hakuja kufuta."